Mafuta Yaliyoganda Chini ya Mabati

Kwetu Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, siku ilianza na Watiri. Watiri ni mke wa mwanangu Wahome. Aliamka gizani, akawasha moto, akakamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani. Mimi, Wangechi, niliamka chai ikiwa tayari. Kama chai haikuwa tayari, nyumba yote ilijua.

Mwanangu alikuwa akifanya kazi ya reli Mombasa. Alikuja nyumbani Krismasi na Pasaka. Baba yake alikuwa amekufa zamani, na sikuwa na mtoto mwingine. Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, Watiri, na mtoto wao wa miaka miwili.

Mtoto huyo pia anaitwa Wangechi. Ndiyo desturi yetu. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Watiri akimwosha mtoto alisema kwa mchezo, "Tulia, mama mkwe! Sabuni itakuingia machoni." Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Lakini sikumbuki kumwambia Watiri asante hata siku moja. Niliona kazi ni yake, na jina ni langu. Basi.

Sisi wanawake kumi na wawili tulikuwa na kikundi cha mabati. Tulilima mashamba ya watu pamoja huku tukiimba. Kila tulipopata cha kutosha, tuliezeka nyumba ya mmoja wetu. Tulitoa nyasi, tukaweka mabati. Mwaka wa 1972, mwezi wa sita, zamu yangu ilifika. Nikapata nyumba ya mbao, sakafu ya simenti, na mabati yanayong'aa. Nilijisikia sana. Kila aliyepita njiani nilimwita aje aone.

Nyumba ile ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa baridi. Joto lilibaki kule jikoni, katika kibanda chetu cha zamani cha nyasi. Humo moto haukuzimika. Usiku tulifunika makaa kwa majivu, asubuhi tukayapuliza.

Krismasi iliyotangulia Wahome alikuwa ameniletea chupa ya mafuta ya nazi kutoka Mombasa. Yalikuwa maangavu kama maji. Niliyaweka jikoni, kwenye kibao kilicho karibu na moto. Kila jioni Watiri alipiga magoti mbele yangu na kunipaka magoti yangu, maana yaliniuma. Miezi sita yote, mafuta yale hayakubadilika. Ukiinamisha chupa, yanamwagika.

Mnajua Nyeri mwezi wa saba. Ukungu unashuka, jua linapotea wiki nzima, na hata mbwa hataki kutoka nje. Mwezi huo dada yangu wa Karatina aliugua. Niliamua kwenda kukaa naye siku tatu.

Jioni kabla ya safari nilimwona Watiri akijifunga kitambaa. Nywele zake zilikuwa ziking'aa. Nikawaza, "Ati zinang'aa na nini?" Sikumwuliza. Mimi, mtu mzima, sikumwuliza. Nilichukua chupa yangu kutoka jikoni nikaipeleka kwa nyumba mpya, chumbani kwangu. Nikaiweka dirishani. Kisha nikafunga uzi mwekundu kuzunguka chupa, pale pale mafuta yalipofikia. Nilisema moyoni, "Akichukua hata tone, nitajua."

Alfajiri nikaenda Karatina.

*

Nilirudi siku ya Alhamisi. Mchana huo wanawake wa kikundi walikuja kuona nyumba na kunywa chai. Watiri alikuwa amepika chapati nyingi. Tulikaa, tukala, tukasifu mabati. Nikaona ni wakati wa kujionyesha kidogo.

"Ngojeni," nikasema. "Mwanangu aliniletea mafuta ya Mombasa. Leo kila mtu atapakwa mikono."

"Ai! Mama Wahome, wewe umebarikiwa!" akasema Wacera, jirani yangu. Akanyoosha mikono yake miwili.

Nilileta chupa, nikafungua, nikaiinamisha juu ya mikono ya Wacera. Hakuna kilichotoka. Nikaitikisa. Hakuna. Wanawake wote walikuwa wakitazama. Nikainua chupa kwenye mwanga wa mlango.

Ndani kulikuwa kweupe. Kweupe na kugumu. Na yale mafuta yalikuwa yameshuka chini ya uzi wangu, karibu nusu kidole. Katikati kulikuwa na shimo, kana kwamba mtu amechota.

"Hii si mafuta yangu," nikasema. "Watiri! Hebu kuja hapa!"

Watiri akaingia na birika ya chai.

"Nani ameingia chumba changu?"

"Ni mimi, mama. Niliingia kufagia."

"Na mafuta yangu yako wapi?"

"Si hayo, mama. Hata mimi niliyaona jana yamekuwa meupe. Nikashangaa."

"Kwa hivyo uliyashika!"

"Sikuyashika, mama. Niliyaona tu."

Wacera, bila nia mbaya, akasema, "Lakini Watiri, si juzi ulikuja kwangu kuomba mafuta ya kupikia?"

Jamani! Mafuta ya kupikia ni meupe. Kila mwanamke pale alitazama chupa, kisha akamtazama Watiri. Hawakukumbuka kwamba chapati zilikuwa vinywani mwao. Hata mimi sikukumbuka.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Umemaliza mafuta ambayo mwanangu alininunulia. Kisha ukajaza chupa na mafuta ya kupikia, ati mimi ni mjinga! Nimeweka mwizi nyumbani mwangu!"

Watiri aliweka birika mezani polepole. Hakulia. Alisema tu, "Mama, sijaiba."

"Nyamaza! Uzi hausemi uongo!"

Akatoka nje. Wanawake walimaliza chai, wakaenda mmoja mmoja. Asubuhi nilipoamka hakukuwa na chai. Watiri alikuwa amemfunga mtoto mgongoni akarudi kwa wazazi wake, Kerugoya. Aliondoka na jina langu mgongoni.

*

Siku mbili za kwanza nilijiambia, "Aende." Nilikamua ng'ombe mwenyewe. Nilipeleka maziwa mwenyewe. Jioni magoti yaliuma na hakuna aliyeyapaka.

Jumapili, baada ya ibada, mtu mmoja aliniletea ujumbe kutoka kwa Gatimu, baba ya Watiri. Ulikuwa mfupi: "Jumamosi njoo kwangu na ushahidi. Kama binti yangu ni mwizi, nitakurudishia mbuzi wote wa mahari. Kama si mwizi, hawezi kurudi kwa nyumba ambayo anaitwa mwizi."

Hapo nikaanza kuogopa. Wahome angesikia nini huko Mombasa? Angerudi Krismasi akute mke hayuko, mtoto hayuko. Lakini bado sikuogopa kosa langu. Niliogopa kukosa ushahidi. Kwa hivyo Jumatatu niliifunga chupa katika kitambaa, nikaenda mjini.

Nyeri mjini kulikuwa na duka la Kanubhai, Mhindi mmoja mpole aliyeuza unga, sukari, vitambaa na mafuta ya kila aina. Mke wake Champa sisi tulimwita Mama Jitu, kwa jina la kijana wao. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu. Nilijua Wahindi hupaka nywele mafuta ya nazi kila siku. Nikasema, huyu atajua ni mafuta gani mwizi wangu ametia.

"Mama Jitu," nikamwambia, "nataka uniambie hii ni mafuta ya nguruwe ama ni ya kupikia. Kisha nataka uje useme hivyo kwa wazee."

Champa akafungua chupa, akanusa. Akagusa juu tu kwa ncha ya kidole, akajisugua mkononi. Yale mafuta meupe yakayeyuka juu ya ngozi yake, yakawa maangavu.

"Mama Wahome, hii ni nazi. Nazi safi kabisa."

"Haiwezekani! Mafuta yangu yalikuwa kama maji."

"Geuka uangalie nyuma yako."

Nikageuka. Rafu moja ilikuwa na chupa kama ishirini za mafuta ya nazi. Zote zilikuwa nyeupe. Zote zilikuwa na shimo kidogo katikati.

"Sasa niambie," Champa akasema. "Hizi zote ni nani ameiba? Mlango wa hili duka nafunga mimi mwenyewe."

Kanubhai akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

"Lakini yamepungua," nikasema. "Nilifunga uzi. Ona!"

"Uzi!" Champa akanitazama. "Ulifunga uzi?" Akanikaribisha nyuma ya kaunta.

Kwanza aliweka chupa yangu kwenye mizani, akaniambia nishike kwa akili pale mshale ulipofika. Kisha akalegeza kifuniko na kuiweka chupa katika karai la maji ya vuguvugu.

"Kwa nini hukuweka maji ya moto?" nikauliza.

"Chupa ya baridi ikiingia maji yanayochemka, inapasuka. Usiweke hata juu ya moto. Vuguvugu inatosha."

Tukangoja. Pembeni mwa chupa mafuta yakaanza kulainika. Kipande cheupe katikati kikawa kidogo, kikazidi kuwa kidogo. Mwisho kikaisha. Mafuta yangu yakarudi kama siku ile ya Krismasi. Na yalikuwa yamepanda mpaka kwenye uzi. Hayakuzidi, hayakupungua. Sawasawa na uzi.

Champa akaikausha chupa vizuri kwa kitambaa, akairudisha kwenye mizani. Mshale ukasimama pale pale pa kwanza.

"Uzito ni ule ule," akasema. "Hakuna tone lililotoka, na hakuna kilichoongezwa. Mafuta yalibadilika hali tu."

Nilikalia gunia la sukari.

"Nieleze," nikasema. "Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Vizuri. Ukisimama nje asubuhi, bila ukungu, unaona nini juu ya mlima Kenya?"

"Barafu."

"Na barafu ni nini?"

"Ni... ni maji yaliyoganda."

"Sawa. Huko juu ni baridi kali, maji ni kitu kigumu. Unaweza kuyashika mkononi kama jiwe. Huku chini kuna joto zaidi. Hayo maji ni kioevu, yanatembea mtoni. Ukiyatia kwa sufuria juu ya moto, yanakuwa nini?"

"Mvuke. Yanapotea hewani."

"Hayapotei. Funika sufuria, halafu ufunue. Chini ya kifuniko utaona nini?"

Nikafikiri. Kila siku ya maisha yangu nimefunua sufuria. "Matone ya maji."

"Mvuke umegusa kifuniko kisicho na moto, umepoa, umerudi kuwa maji. Kitu ni kimoja, Mama Wahome. Kikipata baridi ni kigumu. Kikipata joto ni kioevu. Kikipata joto zaidi ni mvuke. Na kikipoa kinarudi kama kilivyokuwa. Hakuna mtu aliyekibadilisha. Joto na baridi ndizo zimekibadilisha."

"Na kwa nini yalipungua?"

"Wakati wa baridi, watoto kitandani wanalalaje?"

"Wanabanana."

"Na usiku wa joto?"

"Kila mmoja anasogea kivyake. Mwingine anaanguka chini."

"Basi. Kila kitu kina chembe ndogo sana ndani, hata jicho haliwezi kuziona. Mafuta yakipata baridi, chembe zake zinabanana na kushikana. Zinachukua nafasi ndogo, kwa hivyo mafuta yanashuka kwa chupa. Yakipata joto, chembe zinasogea na kuteleza. Yanapanda tena. Watoto ni wale wale, hakuna aliyeongezeka."

Lakini mimi nina ubishi. Nikamwambia, "Mbona maji ya mtungi wangu hayagandi? Na mafuta ya taa? Na yako chumba kimoja na hii chupa."

"Swali zuri hilo!" akasema, na nikaona kweli alikuwa mwalimu. "Kila kitu kina kipimo chake. Maji hayagandi mpaka kipimo cha joto kishuke hadi sifuri. Hapo ndipo unaona umande mweupe mgumu juu ya nyasi. Mafuta ya taa yanataka baridi kubwa zaidi ya hiyo. Mshumaa nao ni kinyume, ni mgumu siku zote mpaka uuwashe. Lakini mafuta ya nazi yanaganda upesi. Kipimo kikishuka chini ya ishirini na nne, tayari yanaanza. Mombasa ni joto, mara nyingi hawafiki huko chini. Mwanao huenda hajawahi kuyaona yakiwa meupe. Nyeri mwezi wa saba, hata saa sita mchana hatufiki ishirini na nne."

"Lakini kwangu yalikaa miezi sita! Hayakuganda!"

"Uliyaweka wapi?"

"Jikoni. Karibu na moto."

"Na nani aliyatoa jikoni?"

Kanubhai aliacha kuhesabu vifungo. Champa alikuwa akiningojea.

"Ni mimi," nikasema.

Ni mimi niliyeyatoa penye moto nikayapeleka penye simenti na mabati. Ni mimi niliyeyagandisha. Kisha nikaita wanawake kumi na mmoja waje waone mwizi. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale katikati ya magunia.

Nikafikiri haraka, kama watu wenye aibu wanavyofikiri. Nikamwambia Champa, "Najua nitakavyofanya. Nitaenda Kerugoya niwaambie nimemsamehe. Mambo yaishe."

Champa akanipa chupa yangu.

"Umemsamehe kosa gani?" akauliza.

*

Jumamosi nilifika kwa Gatimu. Alikuwa amekaa na ndugu zake wawili. Ngendo, mama ya Watiri, aliniamkua kwa ubaridi. Watiri alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Mtoto aliponiona alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Siku nyingine zote angenikimbilia.

"Mama Wahome," Gatimu akasema, "umeleta ushahidi?"

"Nimeleta." Nikaweka chupa mezani. Baridi ya njiani ilikuwa imeyagandisha mafuta tena. "Lakini ushahidi huu si wa kumshtaki Watiri. Ni wa kunishtaki mimi. Naomba maji ya vuguvugu kwa karai."

Ngendo akaleta birika inayochemka. Nikamwambia, "Mama Watiri, tafadhali yachanganye na maji baridi. Haya yatapasua chupa." Tukayachanganya mpaka mkono ukaweza kukaa ndani. Nikalegeza kifuniko, nikaweka chupa.

Wazee walikuja karibu. Nilieleza yote kama Champa alivyonieleza: barafu ya mlima, mvuke wa sufuria, watoto kitandani. Mafuta yakayeyuka mbele ya macho yao. Yakapanda mpaka kwenye uzi.

"Uzi huu ni wa nini?" akauliza Gatimu.

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima.

"Niliufunga mimi," nikasema, "kwa sababu niliona nywele za Watiri zinang'aa. Nilimshuku kabla hajafanya kitu chochote. Watiri hakuiba. Hakuna kilichoibwa. Nilitoa mafuta penye joto nikayaweka penye baridi, kisha nikamwita binti yenu mwizi. Nimekosa. Nimekosa sana."

Watiri akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nani alikuwa anakupaka magoti?"

"Ni wewe, binti yangu."

"Kila jioni mikono yangu ilibaki na mafuta. Sikutaka yapotee kwa kuosha na sabuni. Kwa hivyo nilijipangusa kichwani. Kama huo ni wizi, basi niliiba."

Nililia mbele ya wakwe zangu, mimi Wangechi, ambaye sikulia hata siku tulipofukuzwa kijijini wakati wa vita vya kupigania uhuru. Wazee walitazama chini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona.

Baadaye nikamwambia Gatimu, "Niambie faini. Mbuzi, chochote."

Gatimu akatikisa kichwa. "Sitaki mbuzi. Binti yangu hakuitwa mwizi hapa. Aliitwa huko kwako, mbele ya wanawake. Yale maneno yaondoe pale ulipoyaweka."

*

Haki ya Mungu, ile ilikuwa ngumu kuliko mbuzi kumi.

Niliwaita wanawake wote wa kikundi. Walijaa chini ya yale mabati ambayo nilijivunia sana. Watiri alikuja na mama yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, kama mtu ambaye hajaamua.

Nilisimama katikati nikasema, "Wiki mbili zilizopita, hapa hapa, nilimwita Watiri mwizi. Nilisema uongo. Mwizi hakuwepo. Kulikuwa na baridi, na kulikuwa na mimi." Kisha nikawaonyesha chupa, karai na uzi. Nilieleza kila kitu, hata nywele, hata magoti. Sikuficha.

Wacera akafunika uso. "Na mimi nilisaidia," akasema. "Mafuta niliyokupa, Watiri, yalikuwa ndani ya chapati tulizokuwa tunakula! Nilikuwa natafuna ushahidi na sikujua!"

Wengine walicheka, wengine walilia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Watiri tu.

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Mwisho akasema, "Mama, siku nyingine ukiona kitu usichokielewa, niulize. Niulize tu."

"Nitakuuliza."

Akamfungua mtoto mgongoni akamweka chini. Akaenda jikoni kupuliza moto. Nilimfuata nikabeba kuni.

Tangu siku hiyo mambo kwetu yalibadilika. Mafuta ya nazi tuliyahamisha kwenye chupa ya mdomo mpana, ili yakiganda tuchote kwa kijiko. Tulijua kwamba kuganda si kuharibika. Wanawake wa kikundi nao waliacha kuogopa. Mmoja wao alikuwa karibu kutupa mafuta ya mtoto wake kwa sababu yalikuwa meupe. Hakuyatupa. Na Wahome alipokuja Krismasi, alimkuta mke wake nyumbani. Nilimweleza yote mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Nikajifunza pia lile neno dogo. "Asante, Watiri." Mwanzoni lilinishinda. Sasa linatoka bila taabu.

*

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, mimi na Watiri tulikwenda dukani kwa Kanubhai. Tulikuta mwanamke mmoja mgeni, alisema ametoka Othaya. Alikuwa akipiga kelele na chupa mkononi.

"Umeniuzia mafuta mabaya! Yamekuwa mawe! Umechanganya na kitu! Nitaita polisi!"

Kanubhai alijaribu kusema, lakini mwanamke hakumpa nafasi. Duka lilijaa watu. Niliuona uso wangu wa mwaka uliopita juu ya mwili wa mtu mwingine, na nikaona jinsi unavyotisha.

Watiri akasogea, akasema kwa heshima, "Mama, pole. Nipe hiyo chupa kidogo." Akaishika katikati ya viganja vyake, akaisugua polepole na kuipulizia pumzi. Baada ya muda, upande ulioguswa na mikono yake ukaanza kuyeyuka. Akamwonyesha. Akamweleza yote, kwa maneno machache kuliko yangu na mazuri kuliko yangu.

Yule mwanamke akatulia. Akamwomba Kanubhai radhi. Kisha akamgeukia Watiri.

"Wewe msichana umesoma! Nani alikufundisha haya yote?"

Champa alinitazama. Nikajua sasa yatasemwa, na nikajua ni haki yasemwe.

Watiri akanishika mkono.

"Ni mama mkwe wangu huyu," akasema. "Yeye ndiye alinionyesha."

Watu wakanipigia makofi. Yule mwanamke akaniambia, "Mama, mke wa mwanao ana bahati kuwa na wewe." Kwa ulimi wangu nilimvua Watiri nguo mbele ya watu, na yeye akanifunika mbele ya watu. Nilitaka kusema ukweli pale pale, lakini aibu ilinibana, na makofi yalikuwa matamu. Sikusema kitu.

Basi leo nimesema.